Mume wangu hataki damu ya mtoto ipimwe vinasaba, na sasa anakataa hata upasuaji

Shikamoo Shangazi,

Naishi Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Nina miaka 27 na ni mke wa pili. Mume wangu ananunua na kuuza mahindi pale sokoni. Mke mkubwa ana watoto wanne, wote wazima. Mimi nina binti mmoja, mwezi uliopita ametimiza miaka miwili na nusu.

Tangu ana miezi mitano, akilia sana midomo inageuka rangi, anakuwa kama mtu aliyekula zambarau. Nilimpeleka mara tatu sehemu moja ya matibabu, mara zote nikaambiwa nimonia, nikapewa dawa ya maji nirudi nyumbani. Alipoanza kutembea ndipo nikaona jambo jingine. Anafukuza kuku hatua kumi, kumi na tano, halafu anachuchumaa, magoti kifuani, mkono mmoja ameshika ardhi, anahema. Akitulia anainuka anaendelea na kuku wake. Mama mkwe akasema mtoto ana deko. Jirani akasema ni minyoo.

Mwaka huu tabibu mmoja kijana, kwenye kituo kingine, alimwekea kile kidude cha kubana kidole, kikasoma 74. Nikamwona anakitoa, anakipangusa kwenye koti lake, anakiweka kidole kingine. Kikasoma 73. Hakusema kitu, akavuta karatasi akaanza kuandika rufaa. Tukaenda hadi Dodoma mjini, mtoto akapigwa eko, ile picha ya moyo, tukaambiwa moyo una kasoro nne kwa pamoja, jina lake tetralojia ya Fallot. Tumepewa tarehe ya upasuaji Dar es Salaam, mwezi ujao.

Sasa shida yangu, Shangazi. Siku moja ya kliniki alikuja dada mwenye fomu, akatueleza kwa upole kwamba kuna utafiti wa vinasaba vya watoto wanaozaliwa na kasoro za moyo, wanaomba damu kidogo ya mtoto, yangu na ya baba yake. Mume wangu alinyamaza tu. Tulipokuwa kwenye basi kurudi ndipo akaanza. Kwa nini watake damu yake yeye, kwani anayeumwa ni yeye? Damu si inauzwa Ulaya? Tulipopita Mbande akasema la mwisho: hata huo upasuaji basi, kwa sababu wanaoomba damu ndio hao hao watakaompasua mtoto, na yeye hatoi mtoto wa kujifunzia.

Mama mkwe naye akapata la kusema. Kwa kuwa watoto wa mke mkubwa hawana kitu, anasema ubovu umetoka kwetu, na damu ikipimwa ukweli utaonekana. Anakumbusha watu kwamba nilipokuwa na mimba nilikula udongo. Ni kweli nilikula, ule wa pemba, siku nyingine vipande vitano. Sasa anataka mtoto akakatwe kimeo kwa mzee mmoja kijijini kwao, anasema ndicho kinachomziba pumzi.

Juzi mume wangu amenirushia neno huku anacheka: labda hiyo damu itatueleza na mengine. Sikumjibu.

Naomba uniambie, huu ugonjwa umetoka kwangu? Tukikataa utafiti, watamfanyia upasuaji? Na hiyo damu inaonyesha nini hasa? Kuna jambo pia ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nina ujauzito, naona ni wiki ya tisa.

Mama wa binti mmoja, Kibaigwa

*

Marahaba, mwanangu.

Ninaanza na kimeo kwa sababu hicho kinaweza kutokea kesho asubuhi ukiwa umeenda kuchota maji. Usikubali. Kile kidude cha kidole hupima oksijeni iliyo kwenye damu, na mtoto anayesoma 74 kati ya 100 mwili wake umejitetea kwa kuzalisha chembe nyekundu nyingi, damu imekuwa nzito, na bado kuganda kwake huwa hakuaminiki. Kidonda cha wembe kooni kinaweza kuvuja kisikatike. Kinaweza pia kuingiza vijidudu kwenye damu, na moyo wenye kasoro ni mahali ambapo vijidudu hupata pa kushika na kuota. Tena kulia kwake tu, akiwa ameshikwa miguu na mikono, kunatosha kumletea shambulio la kukosa hewa. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba daktari wa moyo amekataza mtoto kuchanjwa chale, kukatwa wala kutobolewa mpaka siku ya upasuaji. Mtupie daktari lawama, yeye hakai hapo nyumbani.

La pili ni kuchuchumaa. Hilo si deko, ni dawa aliyojigundulia mwenyewe. Moyo wake una tundu kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya chini. Njia ya kupeleka damu kwenye mapafu imebanwa. Mshipa mkuu unaogawa damu mwilini umekaa juu ya lile tundu badala ya kukaa upande wake. Na msuli wa chumba cha kulia umekuwa mnene kwa kusukuma dhidi ya njia iliyobanwa. Ndizo hizo kasoro nne ambazo daktari Mfaransa aitwaye Fallot alizieleza kwa pamoja mwaka 1888. Kwa hiyo damu inayorudi kutoka mwilini, ambayo ingepaswa kwenda mapafuni kuchukua hewa, inakuta mlango mwembamba, inakata kona kwenye tundu na kurudi mwilini bila hewa. Mtoto akichuchumaa, mishipa ya miguu inajibana, presha ya upande wa mwili inapanda, na damu inalazimika kupita ule mlango mwembamba. Mtoto wa miaka miwili na nusu, hajafundishwa na mtu. Mimi kila nikiliona jambo hilo lilikuwa linanishangaza.

Na wewe unaweza kumsaidia kwa njia hiyo hiyo. Siku akilia mpaka akawa wa bluu na kuanza kuhema haraka, mbebe kifuani kwako, kunja magoti yake yafike kifuani kwake, mbembeleze kwa sauti ya chini, wala usimtikise wala kumwagia maji. Asipotulia, au akilegea, ni hospitali, saa yoyote. Joto la kwetu unalijua: mpe maji mara kwa mara. Akiharisha au kutapika usingoje kesho, kwa sababu damu nzito ikikosa maji inaweza kuganda ndani ya mishipa, hata ya ubongo.

Hao waliokuambia nimonia mara tatu siwatetei, ila siwezi kuwatupia jiwe. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto miaka mingi, na niliwahi kumrudisha nyumbani mtoto wa namna hii kwa sababu nilitazama kucha zake nikaona ziko sawa. Kwa ngozi zetu kucha na uso hudanganya, pa kutazama ni ulimi na ufizi. Mama yake alirudi naye baada ya wiki mbili, hakuwa na hasira hata kidogo, akanisalimia kwa adabu kama siku ya kwanza. Ningependa angenifokea.

Sasa tufungue furushi la mumeo, maana amefunga vitu vitatu kitambaa kimoja.

Kwa mtoto kama wako, damu huombwa kwa sababu tatu tofauti. Kuna damu ya upasuaji wenyewe: kujua kundi lake, kujua wingi wake, na kuwa na akiba ya kumwongezea. Hii haina mjadala, na hapa ndipo ndugu wa mumeo watakapotakiwa kwenda kuchangia damu. Kuna kipimo cha vinasaba ambacho daktari anaweza kukiomba kwa ajili ya matibabu ya binti yako mwenyewe. Na kuna ile ya utafiti, ya dada mwenye fomu, ambayo ni hiari. Hiari kwelikweli. Unaweza kusema hapana leo, unaweza kusema ndiyo leo na wiki ijayo ukabadili mawazo, na mtoto atapasuliwa kama wenzake. Utafiti wowote unaohusu binadamu kwetu Tanzania unatakiwa kuwa na kibali cha maadili, na kwa upande wa Bara wanaosimamia ni NIMR, ile Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Fomu ya ridhaa inapaswa kusema waziwazi kwamba kukataa hakupunguzi huduma. Kama kuna mtu atakuambia "bila saini hii hakuna upasuaji", omba jina lake na namba ya simu ya kamati ya maadili, ambayo hutakiwa kuandikwa kwenye fomu hiyo hiyo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: ndiyo, watamfanyia.

Mtoto wa kujifunzia? Hilo neno lingekuwa na uzito mwaka 1944. Mwaka huo, mwezi Novemba, hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, ndipo mtoto wa kwanza mwenye ugonjwa huu alipofanyiwa upasuaji wa kumpunguzia bluu. Wazo lilikuwa la daktari wa watoto, mama mmoja aitwaye Helen Taussig, na aliyeshika kisu alikuwa Alfred Blalock. Ila nyuma ya bega la Blalock alisimama Vivien Thomas, mtu mweusi aliyekuwa fundi seremala kabla ya kuajiriwa maabara, hakuwa na shahada yoyote ya udaktari, lakini ndiye aliyeufanyia kazi upasuaji huo maabara mpaka akaujua kuliko bosi wake, na siku hiyo alikuwa anamwelekeza hatua kwa hatua. (Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilikuja kumpa shahada ya heshima mwaka 1976. Walichelewa.) Mwaka 1954 daktari Walton Lillehei kule Minnesota, huko huko Marekani, akafungua moyo na kurekebisha kasoro zote kwa mkupuo mmoja. Huo ndio upasuaji anaotarajia kufanyiwa binti yako, umri wake ni zaidi ya miaka 70, pengine unamzidi mumeo. Hapa kwetu upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Wataziba tundu kwa kiraka, watapunguza msuli unaobana njia ya mapafu, na mashine itafanya kazi ya moyo na mapafu wakati wao wakishona. Katika vituo vyenye uzoefu, watoto zaidi ya 95 kati ya 100 huvuka salama. Sikufichi kwamba wapo wasiovuka. Sikufichi pia kwamba akishakuwa mtu mzima anaweza kuhitaji kuwekewa vali, yaani mlango wa moyo, kwa sababu njia iliyopanuliwa mara nyingi huvuja, na kwamba kliniki ya moyo ataihudhuria maisha yake yote. Lakini wasiofanyiwa upasuaji kabisa, wengi hawafiki utu uzima. Mwambie mumeo apige hesabu hiyo kama anavyopiga ya magunia.

Kuhusu kile kipimo cha pili, cha matibabu. Nikuulize: alipokuwa ananyonya, maziwa yalikuwa yanatokea puani? Sauti yake inapita puani akisema? Amewahi kudondoka degedege bila homa? Anaugua ugua maambukizi kuliko wenzake? Watoto kama 15 kati ya 100 wenye tetralojia ya Fallot wana kipande kidogo kilichopungua kwenye kromosomu namba 22, mojawapo ya mafungu yanayobeba vinasaba. Wengi wao huwa na kalsiamu ndogo inayoweza kushuka zaidi wakati wa upasuaji, na kinga yao inaweza kuwa pungufu kiasi kwamba damu ya kuongezewa inabidi iandaliwe kwa namna ya pekee. Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, mweleze daktari kabla ya siku. Wasipoweza kukifanya kipimo chenyewe kwa wakati, kalsiamu ya kawaida kila hospitali kubwa inapima.

Je, umetoka kwako? Hapa nitakaa kidogo, maana naona ndipo panapokuuma.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, takriban mmoja huwa na kasoro ya moyo ya aina fulani, Ulaya na Uchina na Kibaigwa. Wengi wao, hata wakipimwa kwa mashine za bei mbaya, hapaonekani jeni moja ya kuilaumu. Baadhi yao kosa hutokea papo hapo, wakati mbegu au yai linatengenezwa. Chukua mtu anayenakili daftari lenye kurasa elfu nyingi kwa mkono: daftari la kwanza halina kosa, la pili limepata herufi moja mahali pabaya. Ukiwapima baba na mama huoni kitu, kwa sababu kosa halikuwa kwao. Utafiti wa Marekani uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2013 ulilinganisha familia 362 zenye mtoto mwenye kasoro nzito ya moyo, wakaona makosa mapya ya namna hiyo yanaweza kuchangia kwa mtoto kama mmoja kati ya kumi. Ndiyo sababu wanaomba damu ya watu watatu. Wanaweka daftari la baba, la mama na la mtoto mezani, wanatazama herufi gani ni ngeni. Damu ya mumeo inatakiwa kama kipimo cha kulinganishia, hakuna anayemshtaki.

Na kwa kuwa mama mkwe anataka kujua upande: makosa mapya mengi zaidi hutoka kwenye mbegu ya baba, na watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2012 kwamba yanaongezeka kama mawili hivi kwa kila mwaka wa umri wa baba. Mengi hayana madhara yoyote. Nimekuandikia hili ulijue, sikukupa fimbo. Ukilitoa mezani kwa hasira, utakuwa umecheza mchezo ule ule wa mama mkwe, na hautaushinda, kwa sababu wale wanne wa mke mkubwa ni wazima na wanaonekana. Ila wewe moyoni ujue kwamba watoto wanne wazima ni jambo la kawaida kabisa. Hawamthibitishii mtu usafi wa damu, na mmoja mwenye kasoro hathibitishi uchafu.

Udongo haukutoboa moyo wa mwanao. Udongo wa pemba unaleta minyoo, unakula damu mwilini, na mwingine umepimwa ukakutwa na madini ya risasi, kwa hiyo safari hii uache. Yanayojulikana kugusa moyo wa mtoto tumboni ni mengine: kisukari cha mama kisichodhibitiwa kabla na mwanzoni mwa mimba, rubela katika miezi ya mwanzo, pombe, na baadhi ya dawa, zikiwemo za kifafa.

Sasa lile neno alilokurushia akicheka. Ndiyo, damu ya watatu ikilinganishwa, mtafiti anaweza kuona kwamba baba aliyeandikwa siye baba wa damu. Watafiti wengi makini huandika kwenye itifaki yao, yaani mpango wa utafiti, kwamba jambo hilo hawamwambii mtu, kwa sababu silo walilokuja kulitafuta. Uliza kama limeandikwa kwenye fomu yenu. Vipimo vya kutafuta baba wa mtoto hapa nchini vina sheria yake, Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na vinapita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi rasmi. Havifanyiki kwa mlango wa nyuma kwenye utafiti wa moyo. Mimi sikuulizi kitu. Kama mumeo alikuwa anatania tu, ni utani mbaya, mwambie siku ametulia. Kama kuna jambo unalolijua peke yako, basi una haki ya kusema hapana kwa utafiti bila kueleza sababu, na hapana yako haimgusi mtoto.

Utaniuliza ningekuwa mimi ningefanyaje. Ningempeleka mtoto akapasuliwe, utafiti ningeuacha usubiri. Akishapona, kichwa kikitulia, huenda ningekubali. Vinasaba vilivyosomwa duniani mpaka leo sehemu kubwa mno ni vya watu wenye asili ya Ulaya, na matokeo yake mtoto wa Kigogo akipimwa, daktari anakuta herufi ngeni na hajui kama ni ugonjwa au ni sisi ndivyo tulivyo. Hilo litabadilika siku damu zetu zitakapokuwemo. Lakini ningeuliza kwanza. Sampuli itakaa wapi, na ikitoka nje ya nchi ni kwa mkataba gani? Watakuja kuitumia kwa jambo jingine bila kuniambia? Jina la mtoto litafichwaje? Wakikuta kitu cha kumsaidia, watanitafuta? Jitayarishe kusikia kwamba majibu huenda yasikufikie kabisa, kwa sababu utafiti unatafuta majibu ya watoto wengi kwa pamoja. Mtu akikuahidi kwamba utafiti utamponya binti yako, huyo ndiye wa kumkimbia.

Ujauzito. Hongera, mwanangu, najua hakuna aliyekupa. Wazazi wasio na kasoro wenyewe, wakiwa na mtoto mmoja mwenye kasoro ya moyo, uwezekano wa anayefuata kuwa nayo kwa kawaida ni kati ya 2 na 5 kwa 100. Geuza uione upande wa pili: 95 au zaidi wanazaliwa na moyo mzima. Hesabu hiyo inabadilika sana kama itaonekana wewe au mumeo mna kile kipande kilichopungua kwenye kromosomu 22, hapo uwezekano wa mtoto kurithi upungufu huo ni nusu kwa nusu, na ndiyo sababu nyingine ya kumuuliza daktari kile kipimo cha matibabu. Wiki ya tisa moyo wa mtoto umeshajengwa karibu wote, kwa hiyo lala usingizi, usihesabu ulichokula jana. Nenda kliniki wiki hii, wapime sukari, uanze vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi, na mitishamba ya mtu yeyote uikatae. Mwambie muuguzi wazi: mtoto wangu wa kwanza ana tetralojia ya Fallot. Aandike juu ya kadi. Kati ya wiki ya 18 na ya 22 moyo wa mtoto tumboni unaweza kutazamwa kwa utrasaundi na mtaalamu. Uliza Hospitali ya Benjamin Mkapa, pale jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kabla hujafikiria Dar.

Amebaki mumeo. Usimshike usiku akitoka sokoni na hesabu za madeni kichwani. Tafuta anayemsikiliza, baba yake mdogo au mzee wa pale sokoni, umweleze kwanza huyo. Halafu mumeo umwambie maneno machache: "Baba, utafiti tumekataa, nimeshamwambia yule dada. Imebaki tarehe ya mtoto." Mpe ushindi wake kwanza. Wanaume wengi niliowaona wakikataa upasuaji walikuwa wanaogopa kisu, na fomu ikawapa mahali pa kuegemeza woga. Omba pia siku ya kliniki mkutanishwe na mzazi ambaye mtoto wake ameshapasuliwa. Baba mwenzake akimfungulia mwanawe shati akaona ule mshono katikati ya kifua na mtoto anadai soda, atapata ambacho maneno yangu hayawezi kumpa.

Akiendelea kukataa, saini ya mama ni saini ya mzazi. Ongea na daktari na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, si siku ya safari. Sheria ya Mtoto ya 2009 inahesabu matibabu kuwa haki ya mtoto, na baba na mama wote wawili wanadaiwa. Ofisi hiyo hiyo ndiyo ya kuiona kuhusu gharama. Usikae nyumbani kwa kukosa hela kabla hujaipita.

Meno yake yapigwe mswaki asubuhi na usiku, na likitoboka moja litazamwe kabla ya safari, daktari hapendi kufungua moyo wa mtoto mwenye jino bovu.

Na kwenye begi weka magauni ya vifungo vya mbele, matatu au manne. Akitoka wodini mifupa ya kifua itakuwa bado inaunga, hataweza kunyanyua mikono kuvaa nguo ya kupitisha kichwani. Kwa wiki sita hivi usimwinue kwa makwapa, pitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni. Mbeleko iache Kibaigwa.

Shangazi